Sauti ya Baba Kwenye Kompyuta Iliyofungwa

Nianze na ujinga wangu mwenyewe, maana nikianza na mwingine nitakuwa namsingizia. Mimi ndiye niliyezima programu ya kuzuia virusi. Hakuna aliyenishika mkono. Nina steshenari Makandana, kwenye njia ya kwenda hospitali: natoa fotokopi, nachapa barua, napiga picha za pasipoti, na natengeneza vile vipeperushi vya msibani vyenye picha ya marehemu na historia yake. Wateja wanakuja na flashi zilizopita kwenye kila kompyuta ya wilaya hii, na kila flashi ina wadudu wake. Ile programu haikuwa na simile. Ukichomeka flashi tu, inafuta mafaili. Siku moja ilimfutia dada mmoja wa kwaya ratiba ya harusi yake mwenyewe, mbele ya macho yake, akanitukana mpaka watu wa duka la jirani wakatoka nje kuangalia. Nikasema basi, yaishe, nikaizima. Wenye steshenari wenzangu nao wamezizima, tunajuana. Mteja anataka kazi yake itoke, hataki kusikia habari za usalama.

Ujinga wa pili ulikuwa diski ya nje. Niliinunua kwa ajili ya kuhifadhi nakala za kazi, lakini humo humo nikaweka nyimbo za kwaya na filamu zilizotafsiriwa ninazowajazia watu kwenye memori kadi. Mteja anakuja anataka nyimbo hamsini na bodaboda inamsubiri, utaanza kutafuta waya? Basi ikakaa imechomekwa mwaka mzima, haijachomolewa hata siku moja.

Sasa, ndani ya kompyuta hiyo kulikuwa na sauti ya baba yangu.

Baba alikuwa mkulima wa Kinyala, mwenye migomba, chai kidogo na ng'ombe wawili. Mama yetu alipofariki alikaa miaka mitatu peke yake, kisha akaoa mwanamke mjane ambaye sisi tunamwita mama mdogo. Kaka yangu mkubwa hakuikubali ndoa ile. Alimwambia baba maneno mazito siku ya mahari, akaondoka kurudi Mbeya anakofanya kazi, na hakukanyaga tena pale nyumbani kwa miaka sita. Baba akaugua, hakuja. Mama mdogo ndiye aliyemwogesha, akamlisha uji kwa kijiko, akamgeuza kitandani kama mtoto. Hakuzaa na baba, na kwa watu wa ukoo wetu mwanamke asiyezaa humo ndani ni mgeni tu aliyekaa sana.

Wiki mbili kabla hajafariki baba aliniita. Hakujua kuandika zaidi ya jina lake. Akasema, "Washa hicho kisimu chako, mwanangu, nisemee humo." Nikawasha. Ikabidi nisubiri, kwa sababu wazee wa kwetu hawaingii kwenye jambo kama mtu anayeingia dukani. Kwanza anasalimia, tena anasalimia kwa Kinyakyusa, mmoja mmoja, waliopo na wasiokuwepo, anauliza wamelala vipi, anauliza ng'ombe, anauliza mvua. Mimi nilikuwa naangalia alama ya chaji, imebaki kidogo, nasema moyoni baba fanya haraka. Mungu anisamehe. Mwishowe akafika kwenye jambo lenyewe: nyumba ile na migomba, mama mdogo asiguswe mpaka afe. Aliniambia nisimsikilizishe mtu kabla yeye hajazikwa.

Tulipomzika tu, kabla hata maturubai hayajashushwa, kaka akaanza. Akasema mwanamke yule akae mpaka tanga liishe, kisha arudi kwao. Nikawaka. Nikamwambia mbele ya watu kwamba baba ameacha neno, na mimi ninalo. Akanijibu, "Wewe na yeye mmepanga. Nani alisikia?" Nikasema, "Baba mwenyewe utamsikia. Ninayo sauti yake." Baba mdogo, mdogo wake marehemu, ndiye aliyekuwa mkubwa wa ukoo sasa. Akaamua: tukutane baada ya mwezi, Jumamosi, wote tuwepo, sauti isikike. Isiposikika, kaka ndiye mtoto wa kwanza, neno lake ndilo litakalosimama.

Nilijiona mjanja. Simu yangu ilikuwa imejaa, kila saa inalia haina nafasi, nikahamisha ile rekodi kwenye kompyuta "kwa usalama", na nakala nikaiweka kwenye diski ile ya nje. Kwenye simu nikaifuta. Baada ya hapo magrupu ya msiba yakanimwagia video za mazishi mpaka simu ikajaa tena. Yaani nilifuta sauti ya baba ili nipate nafasi ya kuweka video za jeneza lake.

Jumatatu ya wiki ile ya kikao nilishusha mtandaoni programu ya kutengenezea picha, ile ya bure, iliyovunjwa kufuli. Wote tunatumia hizo. Ya halali nitainunua kwa pesa gani? Ikajifungua, ikajifunga, haikufanya kitu. Nikaenda kunywa chai. Niliporudi, picha ya mama mmoja niliyokuwa nimeichapa asubuhi ilikataa kufunguka. Nikajaribu nyingine, ikakataa. Nikaangalia vizuri nikaona kila faili limeota mkia wa herufi nne nisizozijua, barua, picha, nyimbo, zote. Na kwenye kila folda kulikuwa na karatasi moja ya maandishi ya Kiingereza, ikianza kwa kunipoza kwamba nisiwe na wasiwasi, mafaili yangu yanarudishika. Ilitaka dola, mamia, kwa ile pesa ya mtandaoni ambayo sijawahi kuishika. Nikilipa ndani ya siku tatu napunguziwa nusu. Hata punguzo walikuwa nalo, mbwa wale!

Nilivuta waya wa umeme ukutani kwa mikono miwili. Kisha nikakumbuka diski ya nje, nikaichomoa, nikakimbia nayo kwa jirani mwenye kompyuta ndogo. Ilikuwa na mkia ule ule kila mahali. Jina la rekodi ya baba lilikuwepo, nililiandika mwenyewe, "Baba", na nyuma yake zile herufi nne. Nikakaa chini kwenye sakafu ya duka la mtu. Jirani akaniuliza, "Kuna msiba tena?"

Fundi wa kwanza alikuwa yule wa karibu na stendi, ambaye ugonjwa wowote wa kompyuta dawa yake ni moja. Akasema, "Dada, hii tunafomati, jioni unachukua." Nikamuuliza na mafaili je? Akasema mafaili yameshakufa, tushukuru mashine imepona. Alikuwa ameshashika bisibisi. Nilimnyang'anya mashine yangu. Nilimwambia maneno ambayo sitayaandika hapa, na baadaye nilirudi kumwomba radhi, maana yeye alisema alichokijua.

Jumanne nikawaandikia wezi wenyewe. Karatasi yao ilisema wanafungua faili moja bure ili ujue hawadanganyi. Nikawatumia la baba. Nikawaandikia kwa Kiingereza changu hiki cha kuombea kazi kwamba mzee amefariki, kwamba kuna mama atatolewa ndani ya nyumba, kwamba nawaomba kwa jina la Mungu. Walijibu haraka kuliko ofisi yoyote niliyowahi kuiandikia. Wakasema faili la bure lisiwe la muhimu, nitume jingine, na wakarudia bei. Nililia kwa hasira. Ningekuwa nayo ile pesa, ningewalipa siku ile ile, sisemi uongo.

Siku hiyo hiyo mama mdogo alishuka mjini. Alikuja na mkungu wa ndizi mbivu kichwani, amelowa, maana mvua ya kwetu haiombi ruhusa. Akaketi kwenye benchi la wateja, akapangusa miguu, akaniambia taratibu, "Mwanangu, nimekuja nimsikie kidogo. Siku zimekuwa nyingi." Alitaka tu kusikia sauti ya mume wake. Nikamdanganya. Nikamwambia umeme hauna nguvu leo. Taa ilikuwa inawaka juu ya kichwa chake. Akaitazama taa, akanitazama mimi.

Nikashindwa kuendelea nao ule uongo. Nikamweleza: kirusi kimeingia, kimefunga kila kitu, na baba yumo. Akauliza kama ni mdudu wa kuonekana. Nikasema hapana. Akauliza kama kinaweza kuombewa. Nilicheka huku nalia. Akasema, "Basi utawaambia tu kwa mdomo. Wewe si mwanawe?" Nikamwambia, "Mama, kaka ameshasema tumepanga mimi na wewe. Mdomo wangu haufai kitu pale." Kisha akaniambia kwamba kuku wake ameshawapeleka kwa dada yake, na nguo zake ameshazifunga kwenye kanga mbili, ili Jumamosi asiaibike kufungasha mbele za watu. Alisema vile kama anayetaja bei ya chumvi. Nilijisikia kufa.

Mtu aliyenisaidia ni mwalimu wa kompyuta anayeishi Mpuguso, ambaye mteja wangu mmoja alinielekeza kwake. Jumatano asubuhi nilifunga mashine kwenye mfuko wa mbolea, nikaikumbatia kwenye bodaboda, matope mpaka magotini. Ni mtu wa polepole, anasikiliza mpaka unakasirika. Aliniuliza nilishusha nini, saa ngapi, na kama mtandao ulikuwa umewashwa. Nilipomwambia nilizima kinga akanyanyua nyusi. Nikamwambia, "Mwalimu, nisute baadaye, tafadhali, leo nitibu."

Kwanza alikitoa kirusi. Alizima mtandao wote, akaiwasha mashine kwa ile njia ya mafundi ya dharura, akaisafisha kwa programu zilizokuwa kwenye flashi yake. Ilichukua saa tatu. Akasema, "Kimetoka." Nikaruka juu. Nikafungua faili la baba, likakataa vile vile. Akanieleza kwa upole, kama anayemweleza mgonjwa: tumemfukuza mwizi, lakini kufuli alilofunga linabaki, na ufunguo ameondoka nao. Kisha akajaribu programu ya bure ambayo wataalamu wameitengeneza kwa ajili ya kirusi cha aina hiyo. Ikahesabu mafaili, ikasoma, ikaleta jibu jekundu. Akaniambia kirusi hiki kikikuta kompyuta haina mtandao hutumia ufunguo mmoja wa wote, na huo wataalamu wanao. Kikikuta mtandao upo, kinaenda kuchukua ufunguo wako peke yako, uko kwa wezi. Mimi niliacha mtandao wa simu umewashwa ili niendelee kushusha nyimbo wakati nakunywa chai.

"Kwa hiyo?" nikamuuliza.

"Kwa hiyo haifunguki, dada."

Mashine niliiacha kwake, na Alhamisi sikufungua duka. Nililala na nguo, natazama bati. Nilifikiria mambo ambayo naona haya kuyasema. Nilifikiria kumtafuta mzee mmoja wa kanisani mwenye sauti nzito kama ya baba, nimwombe aseme yale maneno kwenye simu. Niliyapanga kabisa kichwani. Nikafika mahali pa kujiuliza nitamlipa nini, ndipo nikajiogopa mwenyewe, nikainuka nikaenda kunawa uso.

Ijumaa saa nne mwalimu akapiga simu. Hakuwa amelala vizuri, nadhani, kwa sauti yake. Akauliza, "Ile rekodi ina urefu gani?" Nikasema dakika kumi na kitu. Akauliza kama nina rekodi nyingine yoyote iliyorekodiwa na simu ile ile. Nilikuwa nayo moja, mazoezi ya kwaya. Akasema, "Njoo nayo sasa hivi. Usiifute." Usiifute! Kana kwamba ningethubutu tena kufuta kitu maishani mwangu.

Alinionyesha kwenye kioo. Alikuwa ameifungua rekodi ya baba kwa programu inayoonyesha faili kama namba tupu, mistari na mistari. Juu kabisa namba zilikuwa zimevurugika, hazina mpango. Akashuka, akashuka, mpaka mahali ambapo namba zilianza kujipanga upya, zinajirudia kwa hatua sawa. Akaweka kidole hapo. "Wezi hawa wana haraka," akasema. "Wakitaka kufunga faili lote itachukua muda, utawashtukia. Kwa hiyo wanafunga mwanzo tu. Barua na picha zako ni ndogo, mwanzo ndio karibu kila kitu, hizo zimekwenda. Lakini hii ni ndefu. Kuanzia hapa kwenda chini hawajaigusa."

Akakata kile kipande kilichoharibika. Akachukua kichwa cha ile rekodi ya kwaya, yale maandishi ya mwanzo yanayoiambia kompyuta kwamba hii ni sauti, akakibandika kwa baba. Ikakataa. Akasogeza mahali pa kukata, ikatoa mlio kama mahindi yanayokaangwa. Akasogeza tena. Mimi nilikuwa nimeshika ukingo wa meza yake. Mara ya nne au ya tano, baba akakohoa. Kikohozi chake chenyewe, kile kikavu. Na nyuma yake nikasikia bati la kule kwetu linapigwa na mvua, na baba anasema, "...haya, sasa niseme jambo lenyewe." Nilimkumbatia yule mwalimu mbele ya mke wake. Mke wake akaenda kuniletea maji.

Kilichopotea kilikuwa kama dakika moja na nusu. Salamu tu, nikasema. Namshukuru Mungu kwa wazee wa kwetu na salamu zao ndefu, kirusi kimekula salamu na kimeacha neno! Nilirudi Makandana naimba. Nilitengeneza nakala kwenye flashi tatu, moja nikaiandika jina kwa herufi kubwa, moja nikaifunga kwenye leso kifuani.

Jumamosi tulikaa sebuleni kwa baba, watu kama ishirini, wengine kwenye mikeka barazani. Mama mdogo alikaa karibu na mlango wa jikoni, na zile kanga mbili zilizofungwa niliziona nyuma yake. Kaka alikaa kwenye kiti cha baba. Nikaweka spika juu ya meza, nikabonyeza, baba akakohoa, chumba kizima kikakatika pumzi. Alisema kwa Kinyakyusa, bila kusitasita, kwamba nyumba na migomba kutoka mferejini mpaka barabarani ni mali ya mke wake mpaka atakapozikwa, na atakayemtoa ajue anamtoa baba mwenyewe. Akataja ng'ombe. Akataja mtu wa kulitunza kaburi lake. Akasema, "Nimemaliza. Ndaga." Asante yake ya mwisho.

Mama mdogo aliitikia, "Ndaga fijo," asante sana, kwa sauti ya chini, kama yuko naye chumbani. Kisha akaangua kilio ambacho hakukilia hata siku ya kuzika. Baba mdogo akasema ukoo umesikia, na mwenye neno aseme. Kaka aliinuka kwenye kile kiti akatoka nje. Shangazi yangu mmoja akazichukua zile kanga mbili, akazirudisha chumbani. Mimi nilitaka kupiga vigelegele kwa furaha, nikaogopa.

Nilimfuata kaka nje, kusema kweli, ili nimwonyeshe uso wangu wa ushindi. Nilikuwa nimeuandaa mwezi mzima. Nilimkuta amesimama kwenye migomba, mvua inamnyeshea. Akaniuliza bila kugeuka, "Mwanzo uko wapi?"

"Mwanzo gani?"

"Baba haanzi na kikohozi. Baba anasalimia. Anasalimia mpaka mtu asiyekuwepo. Mwanzo uko wapi?"

Nikamwambia ukweli, kwamba kirusi kiliingia na mwanzo haukupona. Aliponigeukia hakuwa yule mtu wa siku ya mazishi. Ni mtu wa miaka hamsini, na midomo yake ilikuwa inacheza.

"Mimi alinisalimia?"

"Alikusalimia, kaka. Wewe wa kwanza. Kabla ya sisi wote."

"Alisemaje?"

Nikafungua mdomo. Nilikumbuka kwamba alimtaja kwa jina lake la utotoni, lile ambalo hakuna aliyekuwa akilitumia tena. Nilikumbuka alisema kitu kuhusu mlango, kwamba haujafungwa, au kwamba hakuufunga yeye. Lakini maneno yenyewe, jinsi alivyoyapanga, sikuwa nayo. Wakati baba anamwambia mwanawe yale, mimi nilikuwa naangalia chaji ya simu. Nikaanza kusema, nikajikanyaga, nikarudia, na kila nilivyorudia ilisikika zaidi kama kitu ninachokitunga papo hapo.

Nikaapa. Niliapa kwa kaburi la baba, lililokuwa hatua chache tu kutoka tulipokuwa tumesimama. Kaka alinitazama kwa hamu ya mtu anayetaka sana kuamini.

"Unanihurumia tu, mdogo wangu," akasema. Akaenda akapiga magoti pale kaburini kwenye matope na suti yake, na mimi nikabaki nimesimama, sina cha kumpa.